Kambare na perege tangi moja? Pima mdomo kwanza

ASUBUHI moja nyumbani kwangu hapa Munuki, mjini Juba, nilikwenda kuwalisha samaki nikakuta tangi limetulia kupita kiasi. Nilirusha pumba kama kawaida, lakini badala ya perege kugombania, waliibuka wachache tu kwa woga. Chini yao walipita kambare, taratibu, matumbo yamewatuna.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetia humo vifaranga 300 vya perege, samaki ambaye wenyeji wa Juba humwita bulti. Fedha nilizonunulia zilikuwa karo ya kijana wangu. Nilitumaini samaki wangezaa faida kabla shule haijafunguliwa. Baadaye mfanyabiashara mmoja aliyetoka mpakani aliniletea kambare 40, kila mmoja urefu wa kiganja, akaniambia kuwa samaki ni samaki, watazoeana. Nilipohesabu perege waliosalia, nilipata 71.

Jirani yangu, mzee aliyewahi kuchimba mabwawa akiwa mkimbizi nchini Uganda, alichungulia akatikisa kichwa. "Mwanangu, umemtia fisi katika zizi la mbuzi, halafu unauliza mbuzi wamekwenda wapi?"

Sheria aliyonifundisha ni fupi: chochote kinachoingia mdomoni mwa samaki mwenzake kitaliwa. Kambare huwinda usiku kwa kupapasa na sharubu zake, hivyo giza wala maji machafu hayamzuii. Anaweza pia kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana hubaki na nguvu hata pale perege wanapotweta alfajiri kwa kukosa oksijeni. Wala hahurumii ndugu zake, kwani kambare mkubwa humla kambare mdogo.

Hata hivyo, kosa langu halikuwa kuwachanganya, bali kutojali ukubwa wao. Perege huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, na jike hulea mayai mdomoni, hivyo vifaranga wengi hunusurika. Muda si muda tangi hujaa, chakula hakitoshi, na wote hudumaa. Ndiyo sababu wafugaji wengi wa Uganda na Kenya huweka kambare wachache ili wapunguze vifaranga wanaozaliwa. Siri ni kutanguliza perege, wakishakua ndipo unatia kambare wadogo kuliko wao.

Makosa ya namna hii yamewahi kufanyika kwa kiwango kikubwa zaidi. Sangara, mwenyeji wa mto wetu Nile, alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Viwanda vya minofu vilipata mali, lakini wengi wa furu hao hawakurudi.

Na usidhani perege ni malaika. Kijana wangu aliona kwenye simu mnyama wa majini aitwaye aksolotli, mwenye miguu minne na mashavu kama manyoya, akataka tumfuge. Nilimweleza kuwa huyo hutaka maji ya baridi, na joto la Juba lingemuua. Isitoshe, kwao Xochimilco, nchini Mexico, perege kutoka Afrika waliopandikizwa katika miaka ya 1970 na 1980, pamoja na samaki wengine wa kigeni, walikula mayai na watoto wake, na leo amebaki kidogo sana porini. Mpole wa Munuki ndiye jambazi wa Xochimilco.

Kwa ndugu zangu mnaorejea nyumbani na kutaka kuanza ufugaji, na ninyi mnaosafirisha vifaranga kwa barabara ya Nimule, nawausia haya. Watengeni kambare kwa ukubwa kabla ya safari. Msiwalishe siku ya kuondoka, maana huchafua maji ya mfuko. Safirini wakati jua halijachoma. Mkifika, eleeni mfuko juu ya maji ya tangi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha changanyeni maji kidogo kidogo. Maji ya lori yaliyotiwa klorini yaachwe wazi walau siku nzima. Wageni wakae peke yao kama wiki mbili, ili ugonjwa usiwafikie wenyeji.

Nami niliwahamisha kambare siku ile ile. Walipokomaa niliwauza Konyo Konyo, nikapata nusu ya karo. Nusu iliyobaki nilikopa. Perege 71 waliendelea kuzaa, na sasa tangi lina kambare watano tu, wadogo kuliko kidole changu cha kati. Kila jioni huwachungulia. Siku watakapowazidi perege kwa ukubwa, wataelekea sokoni.