SAMADI YA KUKU NA NGURUWE: MADINI MAZITO HAYAOZI

Nina duka dogo la pembejeo hapa Olmotonyi, na samadi ya viroba inatoka sana mvua zikikaribia. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: "Hii ya kuku wa kisasa ina kemikali, nikiiozesha si zinaisha?"

Haziishi zote. Rundo likipata moto vizuri, vijidudu na mbegu za magugu vinakufa. Madini kama shaba, zinki na risasi yanabaki. Chukua kilo 100 za samadi zenye gramu 5 za shaba. Ikioza ikapungua hadi kilo 50, gramu ni zile zile 5, ila sasa zimekolea mara mbili. Sisi wa Arusha tunalijua hili kwenye maji: ukichemsha, floridi haitoki.

YANATOKA WAPI?
Chakula cha kuku na nguruwe huongezwa shaba na zinki. Mnyama anatumia kidogo, nyingi inatoka na kinyesi. Ulaya walipiga marufuku dawa ya nguruwe yenye zinki nyingi Juni 2022. Marekani, dawa ya kuku yenye aseniki ilisimamishwa kuuzwa mwaka 2011. Ng'ombe anayekula majani samadi yake huwa na madini haya kidogo zaidi.

KUYATOA INAWEZEKANA?
Maabara wanaosha kwa asidi, lakini rutuba nayo inaondoka na unabaki na maji machafu. Kwa mtaji wetu hailipi. Chokaa au makaa ya unga hayatoi madini, yanapunguza tu mmea kuyanyonya. Na kwa aseniki, chokaa usiitegemee.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuzuia yasiingie. Mimi nafanya hivi:

1. Namuuliza mfugaji analisha nini na anaongeza dawa gani. Asiyejibu, sichukui mzigo wake.

2. Sichanganyi. Kila kiroba naandika kwa maka peni: KUKU, NGURUWE au NG'OMBE.

3. Nakataa rundo lililochanganywa na takataka. Betri, vipande vya rangi na majivu ya jalala vinaleta risasi.

4. Nawaambia wenye ng'ombe: maji ya mrututu ya kuoshea kwato yasimwagwe kwenye samadi. Mrututu ni shaba hiyo hiyo.

5. Namshauri mteja asirudie samadi ya kuku shamba lile lile kila msimu. Abadilishe na ya ng'ombe.

6. Mwenye kondoo namwonya mapema: wasile samadi ya kuku, wala wasichungwe palipomwagwa juzi juzi. Shaba inajikusanya kwenye ini la kondoo kimya kimya, halafu anakufa ghafla. Mbuzi na ng'ombe wanavumilia zaidi.

7. Ukinunua kirikuu baada ya kirikuu, peleka sampuli ipimwe. Ulizia TARI Mlingano, Tanga, au SUA, Morogoro.

Usimtishe mteja. Shaba na zinki kidogo mmea unazihitaji, tatizo ni kuzidi mwaka hadi mwaka, maana zikishaingia kwenye udongo hazitoki kirahisi. Shamba lake likichoka, na wewe umepoteza mnunuzi.

Mtumie na mwenzako anayeuza samadi.