Ndoa ya Mgeni si Kibali cha Kukaa Kenya

Mtu akioa au kuolewa Karurumo, upande wa Runyenjes katika Kaunti ya Embu, ukoo humhesabu kuwa wao tangu siku mahari yalipopokewa, na hakuna mkwe atakayemwomba pasipoti. Ndiyo maana familia hubaki vinywa wazi maafisa wa uhamiaji wanapomkamata mke aliyetoka Uganda au mume aliyetoka Kongo na kumwambia kwamba hana idhini ya kuwa nchini. "Si ni mke wa mtu?" watu huuliza. Ni mke wa mtu, na sheria ya Kenya inalitambua hilo, ila si kwa namna wanayoidhania. Ndoa humpa mgeni haki ya kuomba. Haimpi kibali cha kukaa. Asiyeomba, hata awe na watoto wanne na shamba la kahawa, mbele ya sheria yuko pale pale alipokuwa siku muda wake wa kukaa ulipokwisha.

Ushahidi umo ndani ya Katiba yenyewe. Kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyekuwa katika ndoa na raia kwa angalau miaka 7 anastahili kusajiliwa kuwa raia, akiomba. Neno zito hapo ni "akiomba". Kifungu hicho kilikuwa hatua kubwa, kwa sababu Katiba ya zamani ilimruhusu mwanamume Mkenya kumpatia mkewe uraia lakini ikamnyima mwanamke Mkenya nafasi hiyo kwa mumewe. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ikaweka ngazi kabla ya hiyo miaka 7: kwanza pasi ya mtegemezi, ambayo huombwa na raia kwa ajili ya mwenzi wake, kisha ukaaji wa kudumu ndoa ikifika miaka 3. Lakini sheria hiyo hiyo ina mtego usiosemwa sana. Uraia wa ndoa hautolewi kwa mtu aliyetangazwa kuwa mhamiaji aliyepigwa marufuku. Kwa hiyo anayesubiri hadi akamatwe ndipo aanze kutafuta haki zake za ndoa huenda akakuta mlango umeshafungwa, si kwa sababu ndoa yake ni ya uongo, bali kwa sababu alichelewa.

Hapa mzee wa ukoo atapinga: mbuzi walitolewa, wazee walikunywa, kijiji kizima kilishuhudia. Pingamizi hilo lina nguvu kuliko mawakili wengi wanavyokubali, kwani ndoa ya kimila ni ndoa kamili Kenya, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema hata sehemu ndogo tu ya mahari inatosha kuithibitisha pale mila inapodai mahari. Lakini sheria hiyo pia inawataka wanandoa wamwarifu msajili ndani ya miezi 3 baada ya kukamilisha taratibu za mila, na waombe cheti ndani ya miezi 6, wote wawili wakiwepo. Ofisi ya uhamiaji haiwezi kuihesabu miaka 7 kwa kumbukumbu ya wazee. Walio katika "njoo tuishi", yaani wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa, wako pabaya zaidi: Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kudhania kuwepo kwa ndoa kutokana na watu kuishi pamoja ni jambo la kipekee, wala si kanuni. Barua ya chifu husaidia kuonyesha mnapoishi. Chifu hatoi uraia.

Na amri ya kuondolewa nchini ikishatolewa? Waziri anayehusika na uhamiaji ana mamlaka ya kumwondoa mtu ambaye kuwepo kwake nchini ni kinyume cha sheria, lakini mamlaka hayo yana mipaka. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu, si raia peke yake, haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisi za serikali: apewe taarifa, asikilizwe, aelezwe sababu kwa maandishi. Aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na uamuzi wa afisa wa uhamiaji unaweza kupelekwa Mahakama Kuu ukaguliwe. Kusikilizwa si kushinda, nakubali. Ila anayesafirishwa usiku kabla jaji hajaisoma faili hana tena kesi ya kushinda.

Serikali nayo itasema kuna ndoa za karatasi, za kununua uraia. Zipo, na sheria tayari inazikataa. Swali ni nani anayeumia ndoa ya kweli inapotendewa kama ya hila. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Zimbabwe, katika kesi ya Rattigan, iliamua kwamba kumfukuza mume mgeni kunavunja haki ya mke raia mwenyewe, kwa kuwa anabaki kuchagua kati ya nchi yake na ndoa yake. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifika karibu na hapo mwaka 2000, katika kesi ya Dawood, kwa njia ya heshima ya utu. Hukumu hizo hazimfungi jaji wa Embu, lakini hoja iliyomo inaingia vizuri katika Kifungu cha 45 cha Katiba ya Kenya kinacholinda familia na cha 53 kinachompa mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili. Kwa hiyo ombi la mahakamani liwe na jina la raia pia, si la mgeni peke yake. Kuweka jina la raia kuna faida ya kawaida kabisa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja raia asiye na uwezo miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa, ilhali mwenzi mgeni, kama si mkimbizi, mwathiriwa wa biashara haramu ya binadamu wala mtu asiye na taifa, hatajwi.

Wanaotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hujidanganya kwamba ujirani unatosha. Pasi ya kuingia ni ya miezi 6, na ina tarehe. Fungueni pasipoti leo jioni, tafuteni muhuri wa mwisho, msome tarehe hiyo pamoja. Ikiwa imepita, muoneni wakili kabla ya kumwona afisa.