Kapteni wa Liuli: Vita vya Siku Moja, Mzigo wa Miaka Minne

Ukimtajia mwanafunzi yeyote hapa chuoni askari wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, uwezekano ni mkubwa atakutajia rubani. Filamu zimefanya kazi yake. Manfred von Richthofen, yule wa ndege nyekundu, alihesabiwa ushindi 80 angani kabla ya kuuawa tarehe 21 Aprili 1918 akiwa na miaka 25 tu. Historia yake inasomeka kama matokeo ya mtihani: ndege ngapi, tarehe gani, nani alimfuata kwa alama.

Sasa kuna Mjerumani mwingine ambaye vita vyake vilifanyika kwetu, mwambao wa Ziwa Nyasa, na rekodi yake ni sifuri. Hakupiga hata risasi moja. Alitekwa kabla hajajua kwamba kuna vita. Anaitwa Kapteni Berndt, na kisa chake kimewachekesha watu kwa zaidi ya miaka 100. Makala hii inataka tucheke kwanza, halafu tuulize nani alilipa gharama baada ya kicheko.

Meli ya Wissmann

Mahali penyewe ni Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu ya miamba iliyo pale bandarini ambayo waliona inafanana na ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Zamani ilikuwa wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 iko wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga.

Berndt alikuwa nahodha wa meli iliyoitwa Hermann von Wissmann. Jina hilo lina uzito wake. Wissmann ndiye aliyetumwa na Berlin kuwazima akina Bushiri kule Pangani na pwani yote mwaka 1889, na baadaye akawa gavana. Meli yenyewe ililetwa vipande vipande kutoka Ulaya, ikaungwa na kushushwa ziwani mwaka 1893. Upande wa pili wa ziwa, kwenye koloni la Nyasaland, Waingereza walikuwa na meli yao ya vita, Gwendolen, chini ya Komanda Rhoades.

Hawa manahodha wawili walikuwa marafiki. Ziwa lina urefu wa takriban kilomita 560, Wazungu wenye meli walikuwa wachache, na walipokutana bandarini walikunywa pamoja. Maadui walikuwa hawajaambiwa bado kuwa ni maadui.

Siku yenyewe

Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Habari zikafika Nyasaland, na Rhoades akapewa amri: itafute meli ya Wajerumani, iteke, izamishe au iharibu. Katikati ya mwezi huohuo Gwendolen ikatokea Liuli na kuikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mzinga mdogo wa Gwendolen ukaanza kurusha makombora, mengine yakaenda pembeni, mengine yakapata.

Kisa kinavyosimuliwa, Berndt alitoka ufukweni kwa hasira, akaingia kwenye kimashua na kupigiwa makasia hadi Gwendolen. Alipofika karibu akaanza kumfokea rafiki yake: umelewa, au umeingiwa na nini? Rhoades akamjulisha kwamba nchi zao ziko vitani, na kwamba kuanzia dakika hiyo yeye ni mfungwa. Waingereza wakaing'oa meli vifaa muhimu isiweze kusafiri, wakaondoka na nahodha wake. Huko London habari ikachapishwa kama ushindi wa majini, na hadi leo wapo wanaoliita tukio hilo pambano la kwanza la majini la vita ile.

Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli na askari, wakakishinda kikosi kilichokuwepo na kuiharibu meli zaidi. Baada ya vita ikafufuliwa na kubatizwa jina la mfalme wa Uingereza, King George V, ikaendelea kubeba abiria na mizigo ziwani kwa miaka. Kwa kifupi, meli ilibadili uraia na kuendelea na kazi. Nahodha wake alibaki na jina lake kwenye vitabu.

Kicheko kinaficha nini

Kisa ni kitamu, hilo tusibishane. Ila kiangalie kama mtu wa kozi yoyote inayofundisha kusoma vyanzo. Kuna watu wangapi ndani yake? Wawili. Wote Wazungu, wote na majina na vyeo. Waliopiga makasia ya kile kimashua ni nani? Waliochochea kuni kwenye matanuri ya Gwendolen? Waliokuwa Liuli wakivua samaki makombora yalipoanza kulia? Wanakijiji hao walikuwa wamepita kwenye vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, viongozi wa Wangoni walikuwa wamenyongwa Songea mwaka 1906, na njaa iliyofuata walikuwa bado wanaikumbuka. Kwao mlio wa mzinga haukuwa na utani.

Jambo la pili, na hili ndilo la msingi: kisa kinaishia pale Berndt anapotekwa, kana kwamba vita vimekwisha. Ukweli ni kwamba siku ile iliamua namna vita vitakavyopiganwa Ruvuma kwa miaka iliyofuata. Ukiwa na meli, ziwa ni barabara. Ukiipoteza, ziwa ni ukuta. Wajerumani walikuwa na meli moja ya maana kwenye Ziwa Nyasa. Ilipotolewa mchezoni, Waingereza wakabaki na maji yote peke yao. Wakasogeza askari kwa meli hadi Karonga, walikowashinda Wajerumani Septemba 1914. Mwaka 1916, Jenerali Northey alipoingia nchini kutokea kusini magharibi, askari, unga na risasi vilipita majini. Manda, iliyoitwa Wiedhafen na Wajerumani, ikawa bandari ya kulisha jeshi lililoishika Songea Septemba mwaka huo.

Lakini meli inaishia ufukweni. Kutoka hapo kwenda Songea hakukuwa na reli wala lori la kutegemewa, na ng'ombe na punda walikufa kwa ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Hesabu ya mpagazi

Tupige hesabu kidogo, haihitaji kikokotoo. Chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25. Ili aishi na kutembea anahitaji kama kilo moja ya chakula kwa siku. Barabara ya leo kutoka Mbamba Bay hadi Songea kupitia Mbinga ni zaidi kidogo ya kilomita 160. Tuseme anatembea kilomita 20 kwa siku, akipanda milima ya Umatengo na mzigo kichwani. Siku nane kwenda, siku nane kurudi. Chakula cha safari nzima ni kilo 16. Kama mzigo wake ni unga na anakula humohumo, kinachomfikia askari ni kilo tisa.

Sasa msogeze huyo askari mbele ya Songea kwa siku tano nyingine. Safari inakuwa siku 26 kwenda na kurudi, na mpagazi angehitaji kilo 26. Yaani angekula mzigo wote na bado angedaiwa. Ndiyo maana jeshi linalokwenda mbali na maji linahitaji wapagazi wa kulisha wapagazi. Kila kilomita ya mbele inaongeza watu wa nyuma. Na kwa kuwa hesabu haifungi kwa chakula kinachobebwa, jibu linakuwa moja: chukua chakula cha vijiji vya njiani, na mpunguzie mpagazi posho. Huo ndio mtambo uliotengeneza njaa. Hauhitaji kamanda katili. Kamanda wa kawaida mwenye ramani na haraka anatosha.

Upande wa Wajerumani hesabu ilikuwa ileile, na wao hawakuwa hata na ziwa. Januari 1917 Meja Grawert alisalimu amri huko Likuyu, upande wa Namtumbo ya leo, chakula kikiwa kimemwishia. Kabla jeshi halijaishiwa, ujue ghala za wakulima zilikwisha zamani.

Kwa jumla, Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Vifo vilivyoandikwa rasmi vinazidi 95,000, wengi wao kwa maradhi, hasa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Kwenye nchi za kuzunguka ziwa waliitwa tengatenga. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, likitamkwa kwa ulimi wetu, ndilo tunalolitaja kila siku tukimwambia kondakta atushushe Kariakoo. Soko kubwa kuliko yote nchini limekaa palipokuwa kambi ya wabeba mizigo.

Ngolo bila wanaume

Kwa Umatengo kuna kitu cha ziada. Wamatengo hulima kwa ngolo, yale mashimo ya mraba yanayopangwa kwenye miteremko ili kushika maji na udongo. Kazi ina mgawanyo: wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana, wanawake hufuata kwa majembe, wakichimba na kufukia nyasi hizo. Ni kazi ya msimu, mvua zikielekea mwisho. Ukiondoa wanaume wiki zile za kufyeka, hasara haiwi ya wiki zile pekee. Shamba la mlimani lisilo na mashimo linaliwa na mvua inayofuata, na mama anayebaki anafanya kazi za watu wawili, akipungukiwa na akiba ambayo jeshi limepita nayo.

Hili huwezi kulipata kwenye kisa cha Liuli. Ni lazima uunganishe mwenyewe: meli, bandari, njia, kichwa, shamba.

Habari zinazochelewa

Kuna ulinganifu mmoja unaostahili kutajwa. Vita vya Ziwa Nyasa vilianza kwa mtu ambaye habari hazijamfikia, na vita vya Afrika Mashariki nzima vikaisha hivyohivyo. Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyevuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, alirudi Septemba 1918, akapita na watu wake nchi ya Wangoni na kuelekea kaskazini mwa Zambia ya leo. Ulaya iliweka silaha chini tarehe 11 Novemba. Yeye alipata habari tarehe 13, na akasalimu amri Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25. Katika siku hizo za ziada wapagazi waliendelea kubeba. Berndt alipochelewa habari, alipoteza meli. Mpagazi alipochelewa habari, alibeba tena vita vilivyokwisha kufungwa.

Kazi iliyobaki ni yetu

Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Tumeirudia methali hii mpaka imekuwa kama salamu. Tatizo ni kwamba nyasi hatuzihesabu. Rubani tunazijua ndege zake zote 80. Nahodha tunajua alifoka nini. Mpagazi wa Liuli, Lituhi au Mbinga tunamjua kama tarakimu, tena tarakimu ya makadirio.

Komredi unayeandika tasnifu mwaka huu na unatafuta mada, hasa kama kwenu ni Ruvuma: hii hapa. Mashuhuda wamekwisha kufa, ila wajukuu wao ni babu na bibi zetu wa leo. Waulize vitu vinavyoulizika. Katika ukoo kuna mtu aliyepewa jina la njaa au la vita? Kuna aliyekwenda kubeba na hakurudi, na matanga yake yalikaliwa bila mwili? Kuna njia ya zamani kijijini inayoitwa ya askari, au mahali watu walipojificha? Andika jina, kijiji, ukoo na nani amekusimulia. Hata majibu matatu yakiwekwa maktaba ya chuo ni mwanzo, kwa sababu kwa sasa mtu akitaka kuandika vita vya Liuli anakuta majina ya manahodha tu, na anaandika hayohayo.

Na siku ukifika Liuli, ukaonyeshwa ile miamba na kusimuliwa habari za marafiki wawili wa ziwani, cheka. Halafu geuka uangalie milima nyuma yako. Mzigo ulipita huko.