Sentipolia, ua la miamba ya Uluguru

Ukitafuta ua la sebuleni kwenye bustani za miche mjini Morogoro, utaonyeshwa mawaridi na maua mengine ya kigeni. Sentipolia, ua dogo la zambarau linalopendwa madirishani Ulaya na Marekani, huenda usiambiwe habari zake, ilhali nduguze wa mwituni wako juu ya mji huo huo, kwenye milima ya Uluguru. Hilo linaniuma.

Jina lake limetokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao kutoka upande wa Tanga na Usambara. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hanover akalitangaza kitaalamu. Mwaka 1900 Adolf Engler wa Berlin aliongeza spishi mbili za Uluguru, goetzeana na pusilla.

Litazame ua lenyewe kwa karibu. Katikati kuna vifuko viwili vya manjano vilivyojaa chavua, na kando yake kijiti chembamba kinachopokea chavua. Kijiti hicho hakikai katikati: katika ua hili kimepinda kushoto, katika lile kulia, na mmea mmoja hubeba maua ya namna zote mbili. Nekta hakuna. Nyuki wa jenasi ya Amegilla hung'ang'ania vifuko, akatetemesha misuli ya mabawa huku akivuma, na chavua ikammwagikia. Akitua kwenye ua lililopinda upande wa pili, kijiti humgusa palepale chavua iliponata. Dirishani nyuki huyo hayupo, na sentipolia za nyumbani kwa kawaida huzalishwa kwa majani.

Kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake, ukichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Baada ya wiki kadhaa miche midogo huchipua shinani, kila mmoja nakala ya mama yake. Chungu kiwe kidogo na kisituamishe maji, kwani mwituni mmea huu huishi kwenye udongo haba juu ya mwamba. Maji weka kwenye kisahani chini ya chungu, yasiwe ya baridi: tone la baridi likiangukia jani lenye joto, seli zake huharibika na baka linalobaki halifutiki. Jua kali pia huliunguza.

Mwituni miti ndiyo hulikinga na jua hilo, na hapo ndipo shoka linapoliua ua hili bila hata kuligusa. Mti wa juu ukianguka, mwamba hukauka na kivuli kimekwisha. Pale kwenye pengo la Bunduki, msitu uliounganisha Uluguru ya kaskazini na ya kusini umefyekwa. Hifadhi ya mazingira asilia ya Uluguru ilitangazwa mwaka 2008, na tukiitetea tunataja maji ya Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam. Ni sawa, lakini mimea hii nayo ina haki ya kutajwa. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko miguuni pa mlima. Naamini kwa jani moja lililochukuliwa kwa kibali kingeweza kuotesha vitalu vya kuuza, watu wasiende kung'oa porini.

Kazi zake ni nyingi: pambo la ofisi zisizopigwa na jua kali, zawadi kwa mgonjwa, somo la uzazi bila mbegu mashuleni, kipato kwa vikundi vya akina mama wanaootesha miche, na kivutio kwa wageni wapandao mlima hadi Morningside.