Kivuli Kinachoanzia Tumboni

Korogocho iko Nairobi, digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Jua la huko halina majira ya kujificha. Hata hivyo watafiti waliowachunguza watoto wenye matege katika mtaa huo walichapisha jibu lao mwaka 2018: mifupa imelegea kwa kukosa vitamini D, ile ambayo ngozi hujitengenezea yenyewe ikipigwa na jua.

Nimeirudia habari hiyo mara nyingi, na kila mara inaniuma. Jua lipo, bure, juu ya bati. Mtoto yuko chini ya bati. Mama ametoka alfajiri kutafuta kibarua, aliyeachiwa mtoto ana wengine sita wa kuangalia, na nje ya mlango ni mtaro wa maji machafu. Nani atamtoa nje?

Linganisha na Wahadzabe na Wamasai wa Tanzania, wanaoshinda nje na kutafuta kivuli jua linapokuwa kali. Damu yao ilipopimwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, ilikuwa na wastani wa nanomoli 115 za vitamini hiyo kwa lita. Wataalamu wengi huhesabu upungufu kuanzia chini ya 50. Wala si watoto wote wa Afrika waliopungukiwa: mtafiti Reagan Mogire na wenzake walipochambua vipimo vya watoto wadogo 4,509 wa Kenya, Uganda, Burkina Faso, Gambia na Afrika Kusini, waliokuwa chini ya 50 walikaribia 8 katika kila 100. Swali letu basi ni nani hao walioachwa kivulini.

Kivuli hicho huanzia tumboni. Mtoto ambaye hajazaliwa hupata vitamini D yake yote kwa mama, kupitia kondo la nyuma, na huzaliwa akiwa na kiasi pungufu kuliko cha mama huyo. Akianza kunyonya, maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo, na huwa haba zaidi mama mwenyewe akiwa nayo haba. Mjamzito anayeingia kiwandani kabla ya mapambazuko na kutoka magharibi anamgawia mwanawe kile ambacho yeye mwenyewe hana.

Habari ya mifupa tunaijua siku nyingi. Kinachowashughulisha watafiti sasa ni moto wa makumbi. Aliyekulia pwani anaujua: hauna ndimi, ila unafukuta usiku kucha, na asubuhi makumbi yamekuwa jivu. Mwili nao una wake. Ukijikata, kidole huvimba, huuma, kisha hupoa. Hiyo ni inflamesheni ya kawaida, mwili unajilinda. Ile ya kufukuta haiumi wala haileti homa. Hujulikana kwa kupima damu, hasa protini ya CRP inayotengenezwa na ini, iliyogunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Maambukizi makali huipandisha hadi makumi au hata mamia ya miligramu kwa lita. Moto wa makumbi huisogeza kidogo tu, miligramu tatu, nne, tano, ikakaa hapohapo. Kwa watu wazima hali hiyo huambatana na maradhi ya moyo na kisukari.

Seli za kinga zina vipokezi vya vitamini D, na vitamini hiyo huzipunguzia kasi ya kumwaga kemikali zinazochochea moto huo. Mwaka 2022 watafiti waliotumia tofauti za vinasaba vya Waingereza karibu 295,000 walionyesha kwamba kuwa na vitamini D ya chini sana hupandisha CRP. Lakini mtu akishafika karibu na nanomoli 50 za vitamini hiyo, kuongeza zaidi hakukuishusha CRP. Walikuwa watu wazima na weupe, kwa hiyo natahadhari kuwavika watoto wetu matokeo yao. Tena kwetu kuna malaria, nayo hupandisha CRP mno. Tone moja la damu halitoshi kukuambia ni moto upi unaowaka.

Huko Copenhagen, Denmark, watafiti waliijaribu vitamini hiyo kwa wajawazito wenyewe. Wanawake 623 waligawanywa kuanzia wiki ya 24 ya ujauzito: kundi moja lilimeza yuniti 2,800 za vitamini D kwa siku, jingine 400. Watoto walipofika miaka mitatu, waliokuwa na tatizo lisilokwisha la kifua kutoa mlio walikuwa asilimia 16 kwa kundi la kwanza na 20 kwa la pili, tofauti ambayo huenda ilitokea kwa bahati tu. Meno ndiyo yaliyosema: kufikia miaka sita, wenye kasoro za tabaka gumu la jino walikuwa asilimia 15 dhidi ya 28. Dar es Salaam, wajawazito 2,300 wanaoishi na VVU walishiriki jaribio la yuniti 3,000 kwa siku. Matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha kupungua kwa vifo, kwa watoto wanaozaliwa wadogo, wala kwa udumavu.

Kwangu hukumu ni hii: kujaza pengo kuna maana, kumwagia kilichojaa hakuna. Wauzaji wa chupa za vidonge vya yuniti maelfu hawatakwambia hivyo, wala kwamba ikizidi mno hupandisha kalsiamu katika damu na kuumiza figo.

Jua lenyewe lina kanuni. La saa moja asubuhi, tunalolisifu sana, lina miale michache mno ya kutengeneza vitamini hii. Subiri kivuli chako kiwe kifupi kuliko wewe, ukae kidogo, kisha urudi kivulini. Jua la nyuma ya kioo cha dirisha halifai kitu. Mtoto mwenye ualbino asianikwe kabisa. Yeye apewe matone kwa ushauri wa daktari. Samaki wa mafuta, dagaa na kiini cha yai husaidia mama na mtoto aliyeanza kula.

Nanyi wauguzi wa kliniki za wajawazito, mkishampima mama uzito na presha, mwulizeni swali moja zaidi: mchana kutwa anashinda wapi?