INSULINI BADO HAIJAMFIKIA MFANYAKAZI

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tumezoea kusema kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri. Sivyo. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika wanao ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawajui.

Asiyejua huendelea na kazi. Ana kiu isiyokwisha, anakojoa mara kwa mara, anakonda, macho yanafifia. Baadaye miguu inakufa ganzi. Mchuma chai akichomwa na kijiti hasikii maumivu; kidonda kinaoza, na pengine mguu hukatwa. Kazi nayo inakwenda na mguu.

Dawa ipo, tena ya zamani. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa mahututi, alidungwa sindano akapata nafuu. Mwaka 1923 Banting, Best na Collip walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki yao kwa dola moja moja, ili dawa isihodhiwe na mtu.

Leo kampuni tatu za Ulaya na Marekani ndizo zinazouza sehemu kubwa ya insulini duniani. Mgonjwa ambaye mwili wake hautengenezi kabisa insulini, akiikosa kwa siku chache, hufa. Hata akiipata, chupa ambayo haijafunguliwa yapasa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Nyumba ngapi za kambini zina jokofu?

Dawa bora zinaendelea kutafutwa. Mwaka 2024 Ulaya iliidhinisha insulini ya kudungwa mara moja kwa wiki. Hilo ni jema, lakini dawa isiyofika zahanati ya shamba haimponyi mkulima wala fundi.

Kwa hiyo vyama vyetu viyaingize haya katika mikataba ya hali bora: wafanyakazi wapimwe sukari kila mwaka, zahanati ya kazini iwe na insulini na jokofu, mgonjwa apewe nafasi ya kula na kudunga sindano kwa wakati, hata akiwa zamu ya usiku, wa mashambani wapewe viatu madhubuti, na mtu asiachishwe kazi kwa sababu ya kisukari.

Nawe ndugu, ukiziona dalili tulizozitaja, nenda ukapimwe. Usingoje siku ya mshahara.