Kukaza Kisu kwa Jiko la Makaa

Ukikaribia Kamukunji, jirani na soko la Gikomba huko Eastlands, Nairobi, utasikia nyundo kabla ya kuwaona mafundi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea, na baadaye wakajengewa vibanda, lakini jina la Jua Kali likabaki. Hapo vyuma vilivyotupwa hugeuzwa kuwa majiko, masanduku ya shule na visu. Nanyi mnaweza kujitengenezea kisu bila tanuri la mhunzi. Lakini angalieni: kisu kinaweza kupendeza macho na kisifae kazi. Kingine hupinda kikigusa mfupa, kingine huvunjika na kumjeruhi mwenye kukishika. Mara nyingi kosa liko kwenye chuma chenyewe au kwenye moto.

Tuanze na chuma. Bati, debe na vyuma vingi vya dirisha havikazi hata uvichome wiki nzima, kwa sababu vina kaboni kidogo mno. Tafuta tupa kuukuu au springi ya gari. Tupa ina kaboni nyingi na hushika makali sana. Springi huvumilia kishindo zaidi, kwa hiyo inafaa panga au kisu cha buchari. Kama una shaka, jaribu kipande kidogo kwanza: kichome mpaka kiwe chekundu, kizamishe majini, halafu kigonge ukiwa umekifunika kwa gunia. Kikivunjika, hicho chafaa. Kikipinda tu, achana nacho. Chuma kilichopakwa zinki usikitie motoni kabisa, moshi wake ni sumu.

Tupa ni ngumu, huwezi kuichonga vile ilivyo. Ichome iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu ya moto na uiache mpaka kesho. Itakuwa laini. Sasa ichonge kwa tupa nyingine, lakini makali yaache na unene wa sarafu ya shilingi, kwani makali membamba huungua na kupinda.

Kwa kukaza, chukua jiko kuukuu (kauri ya jiko jipya inaweza kupasuka), ulijaze makaa na kupeleka hewa chini kwa bomba la chuma na mvukuto mdogo. Fanyeni kazi hii nje. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja, na makaa hutoa gesi isiyo na harufu ambayo imewaua watu waliolala na jiko ndani. Lakini nje si juani! Ajabu ni kwamba kazi hii ya jua kali haifanyiki kwenye jua kali, maana rangi ya chuma haionekani. Ngoja jioni, au kaa kivulini.

Kisogeze kisu motoni polepole ili chote kiwe na rangi moja. Kigusishe sumaku mara kwa mara. Chuma kikifika nyuzi kama 770 hivi, sumaku hainati tena. Ongeza moto kidogo tu, kisha kizamishe mara moja, ncha ikitangulia, wima, kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu. Ukikiyumbisha kushoto na kulia, kitapinda. Mafuta yawe ndani ya chombo cha chuma, na mfuniko uwe tayari. Yakishika moto, funika, usimwage maji. Oili chafu ya gari tusiitumie, ina uchafu wenye sumu na moshi wake ni mbaya.

Pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama kwenye glasi, kisu kimekaza. Wengi hufurahi na kuishia hapa, kumbe sasa ndipo kisu kinaweza kukatika kama kigae kikianguka sakafuni. Usikilaze hivyo. Kisugue kwa msasa king'ae, tia mchanga kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko, kisha kisimamishe mgongo ukiwa ndani ya mchanga na makali yakiwa juu. Rangi itapanda kutoka mgongoni. Makali yakifika rangi ya majani makavu, kama nyuzi 200 na kidogo, kitoe upesi na ukipoze. Ukichelewa mpaka makali yawe ya bluu, yamelegea, na itabidi urudie kukaza.

Mpini utiwe mwisho. Na ukinoa kwa mashine, chovya kisu majini kila mara; makali yakigeuka bluu hapo, kazi yote ya jiko imepotea.